Msomaji wa Lufwisi

Tulikuwa tumeshavuka daraja la pili nilipokumbuka kwamba sikufunga mlango wa ofisi. Nikamwambia Ruhaga. Akasema wezi wakiingia watakuta kiti kimoja na jagi la maji, na kiti chenyewe kina mguu mbovu. Hakupunguza mwendo.

Kiberenge chetu, kigari kidogo cha relini, kilikuwa cha betri, na benchi moja la mbao katikati, kwa hiyo tulikaa tumepeana migongo kama ndugu waliogombea shamba. Yeye alitazama mbele na kushika breki. Mimi nilitazama nyuma, nikaiona stesheni yangu ya Igalamo ikipungua mpaka likabaki tangi la maji tu juu ya miyombo. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Lufwisi ilikuwa mbele yetu, kilomita sitini na nane.

"Mzee Semhando," Ruhaga akasema bila kugeuka, "umeniamsha, umenipandisha, na hujasema tunafuata nini."

"Namfuata mtani wangu."

"Bi Nyanzala? Si mnaongea kila siku redioni?"

"Ndiyo maana namfuata."

Kisha akauliza kama nimemposa. Nikamwambia ashike breki yake.

Jana yake nilikuwa namsomea Bi Nyanzala redioni Toleo la 218 la programu inayoongoza treni zetu. Tunasoma mistari mitano mitano: mimi nasoma mitano, yeye anairudia, tunaendelea. Nikiwa katikati nzi akatua kwenye kioo cha kishikwambi, nikampiga, na niliporudisha macho nikauruka mstari wa kumi na mbili. Sikujua. Nilijua baadaye, nilipousikiliza usomaji wangu mwenyewe, maana nina tabia hiyo ya kujisikiliza. Mtu aliyesoma shule kwa vipande hujikagua. Nilikuwa nimesoma mistari minne. Bi Nyanzala alirudisha mitano.

"Labda alikuwa na maandishi mbele yake," Ruhaga akasema.

"Anayo. Basi angesema. Nyanzala ninayemjua mimi angesema, 'Mzigua, mstari mmoja umeula? Asubuhi hii hukupata uji?' Angenisema mpaka mwisho wa mwezi. Mnyamwezi gani anamwona mtani wake amejikwaa halafu anampita kimya?"

Ruhaga ni Mnyamwezi, alijua.

*

Njia yetu ni moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja zikitazamana, hakuna wa kukwepa. Wakubwa walipohamia reli mpya walituachia hii ya zamani, na taa za ishara walishaziondoa. Mafundi wa Jukwaa, umoja wa watu wanaoandika programu pamoja mtandaoni, ndio waliotusaidia: watu wa Kisumu, wa Arusha, wa Lubumbashi, wengi hawajawahi hata kuiona reli yenyewe. Walitengeneza Mkondo. Mkondo ni programu inayokaa kwenye sanduku la kila stesheni na kuamua treni gani iingie kipande gani. Waliiandika kwa Kiswahili kilichonyooshwa ili hata sisi tuweze kuisoma: ikiwa kipande kina treni, basi ishara iwe nyekundu.

Zamani Mkondo uliandikwa kwa vidole vya watu. Siku hizi unaandikwa na akili unde. Fundi anaiambia anataka nini, nayo inatapika kurasa mia kabla chai haijapoa. Kuandika kumekuwa rahisi kama kupiga chafya. Kazi iliyobaki ni kusoma.

Ndipo ikaja Kanuni ya Kusomeana. Sisi wa reli ndio tulioipeleka Jukwaani, maana ni desturi ya kazi yetu: zamani bwana stesheni akitoa amri kwenye simu, wa upande wa pili huirudia neno kwa neno kabla gurudumu halijazunguka. Kwa hiyo hakuna toleo linaloingia kwenye masanduku mpaka watu wawili wa stesheni mbili walisomeane redioni, mstari hadi mstari, na mwishoni kila mmoja aseme: "Nimesoma, nimekubali." Sauti ndiyo sahihi. Wengi wetu tulikuwa wazee, kuongea tulikuweza kuliko kubonyeza. Ikapita kura. Hakuna aliyerudi baadaye kuuliza kama sauti bado ni kitu cha mtu mmoja.

Toleo la 218 lilikuwa na haraka. Ijumaa zingetoka treni mbili za mavuno, zimejaa watu juu ya magunia, na kwa mara ya kwanza zingepishana Lufwisi. Nusu ya pili tulipaswa kuimaliza siku ile ya safari yetu, saa kumi jioni.

*

Tulifika saa nne na nusu. Lufwisi ni jengo la stesheni, nyumba ya kusubiria wajawazito, duka moja, na mnara wa redio. Aliyetoka kutupokea ni Skolastika, mdogo wake Nyanzala, mkunga wa pale, bado amevaa aproni.

"Shikamoo, kaka Semhando."

"Marahaba. Niitie mtani wangu. Mwambie Mzigua amekuja na njaa."

Hakunitazama. Alimtazama Ruhaga.

"Amepumzika," akasema.

"Saa nne asubuhi? Mvivu yule."

"Kaka, karibu ndani kwanza."

"Ndani kuna nani?"

Skolastika akaishika aproni yake kwa mikono miwili. Ruhaga ndiye aliyeliona, akanishika kiwiko. Nyuma ya ofisi, chini ya dirisha, palikuwa na kaburi la saruji. Si jipya. Pembeni nyasi zilishaanza kupanda.

"Miezi minane," Skolastika akasema. "Figo."

Nilikaa chini. Kitu cha kwanza nilichosema hakikuwa cha akili.

"Mmemzika bila mtani?"

"Kaka..."

"Nani aliingia kaburini akagoma kutoka? Nani alisema huyu hazikwi mpaka arudishe kuku wa babu yangu? Mmemfukia kimya kimya kama mtu asiye na watani?"

"Ungekuja ungejua," akasema, "na ungejua, njia ingefungwa."

Hapo nikaelewa yote mengine.

*

Ofisini, mahali pa Nyanzala, palikuwa na kipaza sauti chake, miwani yake, na kisanduku cha ukubwa wa tofali kilichounganishwa kwenye redio. Skolastika alieleza amesimama. Dada yake alipoanza kuumwa walitafuta msomaji mwingine. Skolastika alifanya mtihani mara mbili, akaanguka mara zote mbili kwa sababu ya macho. Kanuni inasema stesheni isiyo na msomaji hufungwa, na vipande vyake vyote viwili. Lufwisi ikifungwa, njia yote imekatika katikati. Basi Nyanzala mwenyewe, akiwa kitandani, alikubali akili unde ifundishwe sauti yake kwa rekodi za miaka sita. Iwe ya muda, mpaka apatikane mtu.

"Hakupatikana," nikasema.

"Hatukutafuta sana," akasema Skolastika. Huyo ni mtu mkweli, nampa haki yake. "Ilifanya kazi vizuri mno."

Nikatoa redio yangu ya mkononi. Nikabonyeza.

"Lufwisi, Lufwisi, hapa Igalamo."

Kisanduku kikawaka taa ndogo, na sauti ya Nyanzala ikajaa chumba kile.

"Mzigua! Leo umewahi. Umefukuzwa na nani? Au umerudi darasa la tatu, ile mara ya nne?"

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, na kaburi lipo dirishani, lakini nilicheka. Hayo ndiyo yalikuwa matusi yake kwangu: kwamba nimesoma darasa la tatu mara tatu, katika mikoa mitatu. Ni kweli.

"Toleo la 218, nusu ya pili," nikasema. "Mistari mitano ya kwanza." Nikasoma miwili. Kisha nikafunga mdomo, kidole bado kwenye kitufe, nikahesabu kimoyomoyo muda wa mistari mitatu. Redio ilibeba sauti ya kuku wa nje na feni ya dari. Nikaachia kitufe.

Sauti ikarudia mitano yote. Safi, bila kukwama. "Endelea, mtani."

Ruhaga alikuwa mlangoni. Alivua kofia.

Nikabonyeza tena. Safari hii nilisoma tangazo la dawa ya mbu lililobandikwa ukutani. Nikaachia. Sauti ikarudisha mistari mitano ya Mkondo iliyofuata, na mwisho ikauliza kama koo limenikauka.

Skolastika alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Sikujua," akasema. "Haki ya Mungu, kaka, sikujua. Nilidhani inasikiliza."

"Inasikiliza nimemaliza lini. Haisikilizi nimesema nini."

Na kosa halikuwa la kisanduku. Lilikuwa letu. Jukwaa huhifadhi usomaji uliokubaliwa peke yake. Pale tuliposimamishana, tuliposema "subiri", tuliporudi nyuma na kubishana mstari mmoja saa nzima mpaka mmoja akasusa, pote pale hukatwa ili kumbukumbu ibaki safi. Matani ya salamu hayakatwi, maana yako mwanzoni. Kwa hiyo waliposhika miaka sita ya Nyanzala na kuimimina kwenye kisanduku, walimimina mwanamke ambaye hajawahi kukataa kitu. Nyanzala yule niliyemfahamu mimi alikuwa amekatwa na kutupwa zamani, kipande kwa kipande, na sisi wenyewe, kwa usafi.

Na mimi? Miezi minane. Matoleo kumi na saba. Nilikuwa nimeanza kusoma huku mawazo yangu yako kwingine, kwa sababu mwenzangu alikuwa hodari. Kila siku nilijiambia: kama nimekosea, Nyanzala atanishika.

*

"Usiseme Jukwaani," Skolastika akasema.

Tulikuwa kivulini upande wa jukwaa la abiria. Aliniletea uji, akauweka kwenye benchi, hakukaa.

"Nisikilize kwanza. Kila Alhamisi linapita behewa la zahanati. Nina wajawazito watatu pale ndani. Mmoja ni Monika."

Ruhaga aliinua kichwa. Monika ni bintiye.

"Monika alipasuliwa mimba ya kwanza," Skolastika akaendelea. "Hii hawezi kuisukuma mwenyewe, lazima afike hospitali. Ukiongea, njia inafungwa leo. Mtihani wa msomaji mpya ni miezi mitatu. Barabara unaijua? Umeipita?"

"Nimeipita kwa miguu."

"Basi unajua. Kile kisanduku hakijaua mtu hata mmoja. Barabara ile mimi nimeshaizikia wanne."

"Hakijaua bado."

"Bado, bado! Kila kitu ni bado! Na hao watatu pia hawajafa bado." Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa sababu ya wale waliokuwa ndani. "Wanaoandika Mkondo ni mashine, kaka. Mashine haisinzii. Ninyi wawili mlikuwa mnafanya nini zaidi ya kupigana matani?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu nilishajiuliza. Nimefanya kazi nyingi: nimechimba chumvi, nimelinda ghala, nimebeba kamera za wapima ramani nchi tatu. Kila mahali nilikuta mtu mmoja anayetakiwa kutazama, na kila mahali yeye ndiye wa kwanza kuonekana hana kazi.

"Siku ya Ijumaa," nikasema, "watu mia tisa watakaa juu ya magunia, treni mbili, njia moja. Wataambiwa Mkondo umesomwa na watu wawili. Wao ndio wanaopanda. Sisi tunawadanganya, halafu tunaomba isiwe siku yao."

"Na mwanangu?" Ruhaga akauliza. "Mzee, mimi nimekuleta kwa kiberenge changu. Ningejua ningekiharibia betri."

"Ningekuja kwa miguu."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika."

Nikamwambia kile nilichokuwa nakipima kichwani. Njia ikifungwa, hakuna treni inayotembea. Pasipo treni, kiberenge hakina wa kumwogopa. Kingeweza kwenda na kurudi bila ruhusa ya sanduku lolote. Kilomita mia moja na arobaini mpaka hospitali, saa sita, benchi la mbao, jua.

"Juani? Na tumbo lile?" Skolastika akasema.

"Tufunge turubai. Tuweke godoro."

Ruhaga aliinuka, akaenda kukizunguka kiberenge, akakipiga teke gurudumu la nyuma, si kwa nguvu. Kisha akaanza kupima benchi kwa mkono, shubiri kwa shubiri.

Skolastika aliniangalia mimi. "Wakija wengine kiberenge kikiwa kimeondoka?"

Nikanywa uji wote, maana sikujua nitakula lini tena, nikarudi ofisini.

*

Jukwaani niliongea kwa dakika sita. Nilitaja kaburi, kisanduku, mistari mitatu ya kimya na tangazo la mbu. Nilitaja jina langu mara mbili. Sikutaja nani alikiweka kisanduku, lakini Skolastika, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliinama kwenye kipaza sauti akataja lake.

Majibu yalikuja kama mvua ya mawe. Mmoja alisema mzee amechoka, apewe likizo. Mwingine akasema amekuwa akiandika mwaka mzima kwamba usomaji wa binadamu ni ngoma ya kienyeji, sasa imethibitika, mashine imesoma miezi minane na dunia haijaanguka. Akajibiwa na mtu wa Lubumbashi kwamba haikusoma, imekariri, na kama hajui tofauti basi arudi akasome na Semhando darasa la tatu. Mwingine, kwa upole kabisa, akapendekeza tusubiri Ijumaa ipite, halafu tufunge Jumamosi.

Mwenyekiti, Mhandisi Achola wa Kisumu, alinipigia moja kwa moja. Mama mkali, anaongea kama anayepiga misumari.

"Mzee, unajua kanuni inasemaje juu ya msomaji aliyesomeana na asiye mtu?"

"Naijua. Niliipigia kura."

"Na wewe unaondoka pamoja na kisanduku."

"Nimeshaondoka sehemu nyingi, mama."

Nilisikia mtu akiongea naye pembeni, nadhani juu ya ile Ijumaa.

"Nikingoja siku tatu tu," akasema, "mavuno yatoke. Utaniona mtu mbaya?"

"Nitakuona mtu aliyejua. Mimi jana nilikuwa sijui. Leo tumekuwa wengi tunaojua."

"Haya," akasema. "Soma amri, nirudie."

Nikasoma: njia ifungwe kutoka Igalamo mpaka mwisho, ishara zote nyekundu, matoleo yote kuanzia la 201 yasomwe upya. Akaanza kurudia neno kwa neno. Nilikuwa nimekosea tarehe. Akanisimamisha, akaniambia nisome tena.

Saa nane na dakika kumi masanduku yote yakawa mekundu. Kisanduku cha Nyanzala nilikichomoa mimi. Sikukiaga.

*

Njia ilifungwa siku themanini na tatu.

Mavuno ya msimu ule yalitoka kwa malori. Karibu theluthi iliozea maghalani.

Matoleo kumi na saba yalisomwa upya na watu waliotoka Arusha na Kigoma. Kumi na sita hayakuwa na kasoro. La 211 liliruhusu kipande kuhesabiwa kitupu kama sanduku la jirani limekaa kimya dakika arobaini, hata kama treni imo ndani. Treni zilikuwa zimetembea chini ya mstari huo miezi mitano. Hakuna aliyekufa.

Monika alisafiri kwa kiberenge siku ya pili, amelala kwenye godoro chini ya turubai, Skolastika amemshika kichwa. Alipasuliwa usiku ule ule. Mtoto ni wa kike. Yupo.

Wale wengine wawili walipelekwa safari iliyofuata. Walijifungua salama.

Siku hiyo ya safari ya pili, alifika Lufwisi mwanamke aitwaye Winfrida Kashindye, ametoka ndani ya pori kwa baiskeli ya mumewe. Kiberenge kilikuwa kimeondoka asubuhi. Walijaribu barabara. Alifia njiani, na mtoto wake. Mumewe alikuja Igalamo kunitafuta. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake.

Skolastika alisimamishwa ukunga mwaka mmoja, akarudishwa. Alifanya mtihani wa usomaji mara ya tatu, kwa miwani mipya, akapita. Yeye ndiye msomaji wa Lufwisi.

Mhandisi Achola aliondolewa uenyekiti kwa kura kumi na mbili. Anafundisha.

Jukwaa lilibadilisha kanuni. Msomaji sasa lazima aonwe kwa macho na mtu wa tatu kila mwezi, na rekodi hazikatwi.

Ruhaga bado anaendesha kiberenge. Nikipita ananisalimia. Hatukai tena benchi moja.

Mimi niliondolewa usomaji siku ile ile. Nilirudi Igalamo, baada ya wiki chache nikachukua begi, nikafanya kazi ya kuhesabu nguzo za umeme upande wa ziwa miaka miwili, kisha nikahamia Sumbawanga, ambako naandikia haya.